Jinsi ya kuomba PR ya Kanada mwenyewe bila ajenti, mwongozo kamili kwa aliye Afrika Mashariki

Wakuu salaam. Hili swali la ukaazi wa kudumu Kanada (PR) linaulizwa kila siku na jibu linalotoka haraka ni "mtafute ajenti". Mimi naandika njia nzima ya Express Entry (mfumo wa mtandaoni wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi) hapa, tangu huna hata karatasi moja mpaka unatua uwanja wa ndege na vibali vyako, maana inaniuma kweli kuona mtu anauza kiwanja cha urithi ili ampe jamaa wa ofisini mamilioni "amfungulie profaili", wakati kufungua profaili ni bure, hulipi hata mia. Ada za serikali zipo ila zinakuja mwishoni baada ya kualikwa, na unazilipa mwenyewe kwa kadi kwenye akaunti yako ya canada.ca.

Kwanza uelewe mfumo unavyofanya kazi. Express Entry ilianza Januari 2015. Unaingiza taarifa zako, mfumo unakupa pointi (zinaitwa CRS, kilele chake ni 1200), halafu kila baada ya muda wanachagua wenye pointi za juu na kuwatumia mwaliko. Mwaliko wenyewe sio PR, ni ruhusa ya kuomba PR. Profaili inakaa miezi 12, ikiisha unafungua nyingine. Ukiwa nje na hujawahi kufanya kazi Kanada, mlango wako mara nyingi ni Federal Skilled Worker (njia ya wafanyakazi wenye ujuzi), na hapo unatakiwa uwe na angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi ndani ya miaka 10 iliyopita, lugha ya kiwango cha CLB 7 (CLB ni ngazi za Kanada za kupima Kiingereza), elimu iliyothibitishwa, hela ya kuanzia maisha, na upate 67 kati ya 100 kwenye kipimo chao cha kuingilia. Hizi 67 ni tofauti na zile CRS, watu wanachanganya sana hapa.

Sasa niseme kitu ambacho maajenti hawakwambii. Mwaka 2025 mialiko ilienda kwa wenye uzoefu wa kazi ndani ya Kanada, kwa walioteuliwa na majimbo, na kwa makundi maalum kama wanaojua Kifaransa, watu wa afya, walimu na mafundi. Ule mchujo wa jumla wa kila mtu haukuwepo. Kwa hiyo kama wewe ni mhasibu uko Mwanza una pointi 430 na Kiingereza peke yake, usidanganywe kwamba "mwezi ujao unaitwa". Unahitaji mkakati: ama uingie kwenye kundi, ama upate uteuzi wa jimbo ambao unakupa pointi 600 kwa mpigo na hapo mwaliko ni kama umeshaupata, ama uongeze Kifaransa. Na jambo lingine, tangu tarehe 25 Machi 2025 pointi za kuwa na ofa ya kazi zilifutwa kwenye CRS, kwa hiyo anayekuuzia "job offer ya kuongeza pointi" anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Hili la Kifaransa nalisema kwa msisitizo kwa ndugu zetu wa Lubumbashi, Bukavu, Goma, Bujumbura na wote mliosoma kwa Kifaransa. Mko na mali mkononi na wengi hamjui. Februari 2024 mchujo wa Kifaransa ulishuka mpaka pointi 336, Machi 2025 ukashuka mpaka 379, wakati huo huo wenye uzoefu wa Kanada walikuwa wanahitaji zaidi ya 500. Unachotakiwa ni kufanya mtihani wa TEF Canada au TCF Canada na upate NCLC 7 (ngazi kama za CLB, ila za Kifaransa) kwenye vyote vinne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Kuongea Kifaransa nyumbani hakutoshi, mtihani una mtindo wake, jiandae hasa upande wa kuandika. Na ukishakuwa na hiyo NCLC 7 ukaongeza Kiingereza cha CLB 5 tu, unapata pointi 50 za nyongeza. Mtanzania au Mkenya anayeanza kutoka sifuri anaweza pia, Alliance Française ipo Nairobi, Mombasa, Dar, ila jipe muda wa kutosha, sio kozi ya miezi mitatu. Angalizo moja: Quebec ina mfumo wake tofauti kabisa, Express Entry ni kwa wanaotaka kuishi nje ya Quebec. Usiogope, wanaoongea Kifaransa wapo pia Ottawa, Moncton, na Winnipeg kule Saint-Boniface.

Anza na mtihani wa lugha, sio pasipoti ya haraka wala viza

Kiingereza unafanya IELTS General Training (sio Academic! wengi wanalipia ile ya vyuo halafu haikubaliki), au CELPIP General au PTE Core. Matokeo yanadumu miaka 2. Ngoja nikuonyeshe kwa nini nasema hapa ndipo uweke nguvu zako zote. Chukua mtu wa miaka 29, hajaoa, ana digrii moja, kafanya kazi miaka mitatu nje ya Kanada. Akipata IELTS kusikiliza 7.5 na vingine vyote 6.5, hiyo ni CLB 8, hesabu yake: umri 110, elimu 120, lugha 92, na nyongeza za kuunganisha elimu na uzoefu na lugha 13 na 25. Jumla 360. Mtu huyo huyo akirudia mtihani akapata kusikiliza 8.0 na vingine 7.0, hiyo ni CLB 9, lugha inakuwa 124, zile nyongeza zinakuwa 25 na 50, jumla 429. Nusu bendi tu imeleta pointi 69! Hakuna master's wala mwaka wa kazi utakaokupa hivyo kwa bei hiyo. Na huyo huyo akija na Kifaransa cha NCLC 7 kama lugha ya pili anaongeza 12 na zile 50, anafika 491.

Umri nao hausubiri. Ukiwa huna mwenza, 110 ni mpaka miaka 29, ukifika 35 una 77, ukifika 40 una 50, ukifika 45 ni sifuri. Kwa hiyo aliye na 33 akisema nitaanza mwakani, anapoteza. Kama mmeoana, pigeni hesabu mara mbili, mara moja mume awe mwombaji mkuu, mara moja mke, halafu mtumie yenye pointi nyingi. Familia nyingi mama ndiye mwenye pointi na hakuna aliyemfikiria.

Vyeti vya shule

Elimu ya nje lazima ithibitishwe na taasisi inayotambulika, maarufu ni WES lakini zipo pia IQAS, ICAS na nyingine. Ripoti yao inadumu miaka 5. Daktari anapita Medical Council of Canada, mfamasia ana bodi yake. Kinachochelewesha hapa ni vyuo vyetu, maana mara nyingi inatakiwa chuo chenyewe kitume transkripti moja kwa moja, kwa hiyo nenda ofisi ya msajili mapema, lipa, pata risiti, chukua jina na namba ya anayeshughulikia, halafu mfuatilie kwa upole lakini kila wiki. Kama una digrii na pia diploma nyingine ya baada ya sekondari zithibitishe zote mbili, vyeti viwili vinaweza kukuongezea pointi.

Barua ya kazi, hapa ndipo naomba usome taratibu

Kanada kila kazi ina namba yake kwenye mfumo wa NOC na ina daraja, TEER 0 hadi 5. Express Entry inahesabu 0, 1, 2 na 3 tu. Nesi, fundi umeme, mwalimu wa chekechea, mpishi, hata dereva wa lori la masafa marefu wamo. Mlinzi ni TEER 4, usafi ni 5, hizo hazihesabiki kwa njia hii hata ukiwa nazo miaka kumi. Usitafute namba kwa jina la cheo, tafuta kwa majukumu. Huku kwetu mtu anaitwa "meneja" lakini kazi yake ya kila siku ni kuuza dukani, na afisa wa Kanada anasoma majukumu.

Barua ile ya mistari mitatu, "huyu alifanya kazi hapa na ana tabia njema", haina maana kabisa. Inayotakiwa iwe na kichwa cha kampuni na anwani na simu, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, masaa kwa wiki, mshahara na marupurupu kwa mwaka, majukumu yako, na jina na saini ya bosi au mtu wa HR. Masaa kwa wiki watu wanasahau sana na ndio msingi wa hesabu yao, mwaka mmoja kwao ni masaa 1,560, yaani 30 kwa wiki. Majukumu usikopi neno kwa neno kutoka tovuti ya NOC, waandike yale uliyofanya kweli kwa maneno yenu. Ongezea vithibitisho: mkataba, hati za mshahara, michango ya NSSF, makato ya kodi ya TRA au KRA, stetimenti za benki zinazoonyesha mshahara ukiingia. Kampuni imekufa au bosi amegoma kuandika? Andika maelezo kwa nini huna barua, kisha weka vithibitisho hivyo vingine vyote pamoja na barua ya kiapo ya mfanyakazi mwenzako au msimamizi wa zamani.

Aliyejiajiri naye yumo kwenye Federal Skilled Worker, fundi wa kweli mwenye karakana yake asikate tamaa, ila uwe na leseni ya biashara, kodi, ankara, na barua za wateja zikieleza kazi na malipo. Barua uliyojiandikia mwenyewe haitoshi.

Familia, taja kila mtu

Ningeomba kila anayesoma hii aishike sehemu hii kuliko nyingine zote. Mke au mume, na kila mtoto wako aliye chini ya miaka 22 ambaye hajaoa wala kuolewa, lazima awe kwenye fomu. Hata kama haendi na wewe. Hata kama anaishi na mama yake Tabora na hujamwona muda mrefu. Hata kama mwenza wako wa sasa hajui habari zake, na hapo nakuomba mkae mzungumze kabla hujafungua profaili. Sheria yao ni kwamba mwanafamilia ambaye hukumtaja na hakufanyiwa vipimo wakati wa maombi yako, baadaye kwa kawaida huwezi tena kumdhamini. Yaani mtoto anabaki huku kwa sababu ya jina moja uliloliruka kwenye fomu. Na ikibainika umeficha makusudi ni udanganyifu, adhabu yake ni kufungiwa miaka 5.

Wenye wake wawili, Kanada inatambua ndoa ya mke mmoja tu, lakini watoto wa mama wote wawili ni watoto wako na unawataja wote. Mtoto anayesafiri bila mzazi wake mwingine anahitaji kibali cha maandishi cha huyo mzazi kilichoapwa, fomu yao ipo, IMM 5604. Mtoto wa marehemu dada yako unayemlea toka mdogo, kwao sio mtoto wako mpaka uwe na hati ya mahakama ya kuasili, kwa hiyo kama yupo nyumbani kwako anza hilo mapema sana.

Ndoa ya kimila au ya msikitini au kanisani iwe na cheti cha serikali. Vyeti vya kuzaliwa Tanzania ni vya RITA (wakala wa serikali wa usajili), na kama cheti kilitolewa ukubwani weka na kadi ya kliniki au ya ubatizo isiwe maswali. Majina nayo: pasipoti ina majina matatu, cheti cha form four mawili, cha kuzaliwa kina la babu. Tengeneza kiapo kwa wakili kinachosema wote hao ni mtu mmoja, na kiambatanishe kila mahali jina linapotofautiana. Hati yoyote iliyo kwa Kiswahili itafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, mkeo au kaka yako haruhusiwi hata kama ni mwalimu wa Kiingereza.

Hela

Kiasi cha hela ya kuanzia maisha wanabadilisha kila mwaka. Kuanzia Julai 2025 ilikuwa dola za Kanada 15,263 kwa mtu mmoja, 19,001 kwa wawili, 28,362 kwa wanne. Unahesabu familia yote hata wasiosafiri. Nyumba, shamba, gari havihesabiwi, na hela ya mkopo hairuhusiwi. Benki ikupe barua yenye namba za akaunti, lini zilifunguliwa, salio la leo, wastani wa miezi 6, na madeni yako. Huo wastani wa miezi 6 ndio unaowakamata wanaoazima hela ya wiki moja ili waonyeshe salio. Kama kweli ulipokea zamu yako ya chama au kikoba ikaingia milioni nyingi siku moja, sio kosa, ila ieleze: barua ya chama yenye saini za viongozi, daftari la michango, na stetimenti inayoonyesha ulivyokuwa ukichangia. Umeuza kiwanja, weka mkataba wa mauziano. Umepewa na mzee, weka hati ya zawadi inayosema wazi hairudishwi, pamoja na stetimenti yake yeye.

Mwaliko umekuja

Una siku 60. Ni chache mno kama ndio unaanza kutafuta karatasi, kwa hiyo ukishaona pointi zako zinakaribia anza na vyeti vya polisi. Vinahitajika kwa kila nchi uliyokaa miezi 6 au zaidi mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita tangu ulipofika miaka 18. Kenya ni cha DCI kupitia eCitizen na alama za vidole. Nchi unayoishi sasa kiwe hakijazidi miezi 6 tangu kitolewe. Nchi ulizoondoka, kiwe kimetolewa baada ya wewe kuondoka mara ya mwisho. Mliofanya kazi Oman, Qatar, Dubai au Saudia hapa ndipo mnapochelewa, kwa sababu kufuatilia kutoka nyumbani na alama za vidole na ubalozi ni safari ndefu, basi anzeni na hicho kabla ya vingine, na tunzeni nakala ya kitambulisho cha ukaazi cha huko, mtaombwa.

Vipimo vya afya, tangu 21 Agosti 2025 unafanya kabla ya kutuma maombi, na ni kwa daktari aliye kwenye orodha yao tu, sio hospitali yoyote. Familia yote inapimwa, na wasiosafiri pia. Kuwa na shinikizo la damu au VVU peke yake sio kukataliwa moja kwa moja, wanaangalia gharama kubwa za matibabu na usalama wa afya ya umma, kwa hiyo usifiche dawa unazotumia.

Jaza historia ya maisha bila pengo hata la mwezi. Miezi uliyokaa nyumbani bila kazi andika hivyo hivyo, "sikuwa na kazi". Anwani zote, safari zote, na viza uliyowahi kunyimwa nchi yoyote, ya Marekani, ya Uingereza, ya Schengen, itaje. Kunyimwa sio tatizo, kuficha ndio tatizo.

Ada zilizoanza 30 Aprili 2024 zilikuwa dola 1,525 kwa mtu mzima (950 ya maombi, 575 ya haki ya ukaazi), mtoto 260, na alama za vidole 85 kwa mtu au 170 kwa familia. Huwa wanazipandisha kila baada ya miaka 2, angalia tovuti kabla hujalipa. Alama za vidole unatoa kwenye kituo cha VFS (kampuni inayopokea maombi ya viza), Nairobi au Dar kwa mfano, baada ya kupokea barua ya maelekezo, usiende kabla. Wao wanasema lengo ni miezi 6, inaweza kuzidi, na kwa muda huo ukioa, ukizaa, ukihama au ukipata pasipoti mpya, wajulishe mara moja.

Kama baada ya yote haya bado unataka msaada, sawa, kesi zenye talaka, makosa ya jinai au kunyimwa zamani zinastahili mtaalamu. Lakini tafuta jina lake kwenye orodha ya College of Immigration and Citizenship Consultants, au awe mwanasheria wa Kanada. Nywila ya akaunti iwe kwako, imeli iwe yako, na usisaini fomu ambayo hujaisoma, maana uongo alioandika yeye unahesabiwa kuwa wako.

Ukishapata

Utapewa hati ya uthibitisho wa PR na viza kwenye pasipoti. Ina tarehe ya mwisho ya kuingia, kwa kawaida inafuata vipimo vya afya au pasipoti, ipi inaisha kwanza, na haiongezwi kirahisi. Ukiwa na dola 10,000 au zaidi unazitangaza forodhani, hutozwi kitu, kutokutangaza ndio kosa. Beba orodha ya mizigo inayokuja baadaye. Uwe na anwani ya Kanada ya kuwapa, kadi ya PR inatumwa kwa posta ndani ya nchi tu, na ukichelewa kutoa anwani zaidi ya siku 180 unalipia kadi upya. Wiki ya kwanza omba namba ya SIN (namba yako ya kazi na kodi), kadi ya afya ya jimbo, akaunti ya benki.

PR yenyewe inataka uwe ndani ya Kanada siku 730 kati ya kila miaka 5, sio lazima mfululizo. Uraia unataka siku 1,095 ndani ya miaka 5 kabla ya kuomba. Tangu siku ya kwanza fungua daftari uandike kila ukitoka na kila ukirudi, hata ukienda Marekani kwa gari siku moja, na tiketi zako ziskani uzihifadhi, hizo tarehe utaziandika kwenye fomu zote zinazofuata.